Ijumaa Isiyo na Kengele

Kura zilipohesabiwa, kodi ya shule ilianguka kwa kura kumi na tisa.
Tangu hapo, Ijumaa haina kengele hapa mjini kwetu, Oklahoma.
Mimi Verlin, mshika funguo,
huingia peke yangu kuangalia mabomba yasigande.

Darasani kwa Bi Lorene, ramani
bado ina nchi zilizokwisha kufa.
Chaki kanunua mwenyewe; stakabadhi
kazibana ukutani, hakuna wa kumrudishia.
Chumba cha muziki: tarumbeta zimeuzwa,
zimeacha miduara rafuni, mahali vumbi halikufika.

*Haba na haba*, watoto waliandika kwenye kopo la sarafu.
Kopo likajaa.
Tukatengeneza choo kimoja.

Nyuma ya uwanja pampu za mafuta zainama, zainuka,
usiku na mchana, ndiyo, ndiyo,
wala hazikuulizwa kitu.

Leo nimemkuta Tobin mlangoni, begi mgongoni.
"Hakuna shule, mwanangu."
"Najua," kasema, macho yako jikoni.
"Nilidhani labda."

Nikaumega mkate wangu.
Haukumegeka sawa.
Nikampa upande wenye nyama.