Kiti Hakipiti Mlangoni

Baba tulipomzika,
arubaini kufika,
wenye haki walishuka
mtaani, Mkomani.

Kakangu, Bwana Shekuwe,
cheo ataka apewe,
mirathi isichelewe,
na simu i sikioni.

Cheo ni "Mwenye", cha babu,
herufi za Kiarabu,
wino wake wa dhahabu,
kwenye fremu, ukutani.

Pete, muhuri wa shaba,
nembo ya samaki saba,
kidoleni mwake baba
ikatoka kwa sabuni.

Kule Hindi, mikorosho:
kesi isiyo na mwisho,
hati, "njoo kesho, kesho",
tangu mwaka wa sabini.

Kiti cha enzi, cha pembe,
alikitaka, atambe,
wageni wake, wajumbe,
wamwamkie Nyalini.

Hamali wakainua,
wakalaza, wakatua,
wakapima, wakajua
hakipiti mlangoni.

Humu ndani kilichongwa,
kuta kando zikajengwa,
kisha njia ikatengwa
ya mtu, si ya samani.

Na nyumba? Nyumba ni yangu.
Ada ya wakale wangu:
binti nyumba, ndilo fungu;
waume, jina kichwani.

Kaka alinitazama,
Mwenye mpya, kasimama,
hana kiti cha heshima.
Nikampa cha jikoni:

mbuzi ya kukuna nazi,
meno yamechoka kazi.
Akaketi, na machozi,
ama cheko, mashavuni.

Cheo amekwenda nacho,
kadi zake zina hicho;
nalo shamba, kodo macho,
langoja mahakamani.

Jana amepiga simu:
"Nina fundi maalumu,
aukate, si vigumu,
ukuta wa kwako ndani."

Nikamwambia: "Subiri,
kuna warithi, tayari,
watatu, nami nakiri:
paka kazaa kitini."