Kodi ya Mtu Asiyekuwepo

Barua ilifika Februari, theluji ikiwa imefika kwenye kitasa.
Bahasha ya rangi ya mchanga, dirisha la nailoni,
na ndani ya dirisha jina lake, Zelika Robichaud,
fundi cherehani, Moncton, karibu na daraja,
pale mto wa matope unaporudi nyuma mara mbili kwa siku.

Alidhani ni deni lake.
Akashusha kopo la biskuti, akamwaga risiti za miaka saba
kati ya zipu na pindo za suruali za watu,
akajumlisha kwa chaki ya kukatia nguo.
Hakuwa anadaiwa hata senti.

Akasoma tena, kidole kikifuata mstari:
anayedaiwa ni mwenye nyumba,
Bwana Anselmo Quaresma wa Funchal, kisiwani,
bahari nzima katikati,
mtu aliyenunua jengo hili kwa simu
na hajawahi kugusa ukuta wake hata mmoja.

Fimbo ya mbali haiui nyoka.
Serikali inaijua methali hiyo bila kufundishwa.
Ikatazama huku na huku, ikaokota kijiti kilicho karibu,
na kijiti kilikuwa na tepu ya kupimia shingoni.
Nyoka alikuwa akiota jua.

"Kwa nini mimi?" aliuliza kwenye simu.
Ofisa Ullock alikuwa na mafua na adabu.
"Kwa sababu yeye hayupo, mama. Wewe upo."
Akasikika akipenga kamasi.
"Na ukimpa yeye hata mwezi mmoja,
mwezi huo utatulipa tena, kutoka mfukoni mwako."

Lugha ninayoandikia haina msaada hapa:
anachodai mwenye nyumba ni kodi,
inachodai serikali ni kodi.
Zelika, kwa Kifaransa chake cha Kiakadia, ana maneno mawili,
yametengana kama mkono wa kulia na wa kushoto,
lakini hundi ni moja.

Anselmo alipiga simu, alfajiri kwake, usiku kwa Zelika.
Kwanza alifoka.
Kisha akataja boila, aliyoigharimia mwaka ule wa baridi kali.
Kisha akanyamaza, na Zelika akasikia jogoo,
jogoo wa kweli, upande wa pili wa maji.
"Usiwape," alisema. "Ni pesa yangu."
"Ilikuwa yako," alijibu, "mpaka juzi Jumanne."

Tangu hapo, kila tarehe mosi,
huandika hundi kwa Hazina, na pembeni namba ya mtu mwingine.
Risiti hurudi kwa jina la Anselmo Quaresma:
tumepokea, asante kwa malipo yako.
Huzitia kwenye kopo la chai, peke yake,
zisichanganyike na maisha yake.

Novemba boila ikafa.
Akampigia mwenye nyumba: sipati kodi, nitatengenezaje?
Akampigia Ullock: sisi hukusanya tu, mama.
Wote wawili walisema kweli.
Akakata ncha za vidole vya glavu zake za sufu,
kwa mkasi ule ule,
akaendelea na gauni la harusi la binti wa kina Leblanc:
lulu moja, pumzi moja nyeupe, lulu moja.

Desemba ikaja kadi kutoka Funchal,
picha ya malimau, kama kila mwaka.
Heri ya Noeli. Na chini, kwa mwandiko unaotetemeka:
Tafadhali niambie, imebaki miezi mingapi?
Hawamwambii. Au wanamwambia
kwa bahasha ambazo hazifungui.

Zelika akaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo,
ukutani, kwenye mistari yake kumi ya chaki.
Akahesabu mara mbili, kama apimavyo kabla ya kukata.
Akavuta kiti. Akapulizia vidole.
Miezi kumi na minne, akaandika.

Na boila.