Watoto Walioitwa Nukta

Miaka kumi na tisa nilipima kwa mzani wa kuning'inia,
Mbagala Rangi Tatu, watoto wakirusha mateke
ndani ya kaptula ya turubai.
Uzito niliuandika kwenye kadi, kisha kwenye daftari
ambalo mchwa walilisoma kuliko wizara.

Kadi zilikuja zimefungwa kwenye pindo la kanga,
zina jasho, zina unga wa sembe.
Moja ilikuja nusu.
Nusu ya pili, mama alisema, aliondoka nayo baba.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
niliuamini msemo huo kama dawa.
Nikasoma usiku, kitabu cha kompyuta juu ya kitabu cha surua,
nikajua majedwali, nikajua kwamba mashine
haina "labda", haina "ngoja nimuulize mama mkwe".

Nikahamia Kijitonyama, ghorofa ya kiyoyozi,
kati ya vijana wasiowahi kutapikiwa begani.
Erasto akachora kisanduku: JINA LA MTOTO.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
Sehemu hii ni lazima ijazwe.
Nilikiona. Nikatia saini.

Mimi, mzaliwa wa Temeke,
ninayejua kuwa mtoto wa siku mbili bado ni mgeni,
haitwi mpaka siku ya saba,
na bibi yake ukimuuliza hutazama ukutani.

Mwaka wa pili nikaomba orodha ya wasiorudi kuchanjwa.
Nikashuka nayo kwa kidole:
Mtoto. Mtoto. X. Aaa.
Nukta. Nukta. Nukta.
Mia nne na kumi na wawili wanaitwa Nukta,
wamepotea humohumo ndani ya daftari.

Nikarudi Mbagala. Karani Havintishi hakuinuka kitini.
"Daktari, foleni imefika kwa muuza mihogo,
umeme unachezacheza, mashine inasema lazima,
mama anasema jina bado.
Nimwambie nani asubiri?
Nikaweka nukta. Ikafunguka."

Erasto aliliondoa neno "lazima" kwa dakika nne.

Sisi wawili tulitembea miezi kumi na mmoja,
Kizuiani, Charambe, mabondeni kwenye maji ya mvua,
Havintishi na kiboksi cha chanjo, mimi na orodha.
Nukta mmoja alikuwa Siwatu, ana meno, akanitafuna kalamu.
Nukta mwingine alikuwa mapacha.
Mlango mmoja tulikaribishwa mkekani, tukapewa maji,
hatukuandika kitu.

Juni nastaafu. Waliobaki ni themanini na tatu.
Nimewaomba vijana wasiwafute.

Jana sokoni Zakhem mwanamke akanishika mkono:
"Daktari, huyu wangu mlimwandika nani?"
Sikuwa na mashine. Nikachuchumaa
nikamuuliza mwenyewe.
Akataja, mdomo umejaa karanga.
Sikusikia vizuri.
Nikamwomba arudie.