Sekunde Nne

Siku ya gulio Kiborloni, katikati ya marobota ya mitumba,
mama mmoja alileta amplifaya imefungwa kwenye kanga.
Tukaijaribu: ikanguruma, ikanyamaza.
Nikaichomoa ukutani, nikafungua skrubu sita.
Nilidhani kilichochomolewa kimekufa.

Kilinirusha hadi kwenye kreti za soda.

Fundi Ndelilio hakucheka, wala hakunipa pole.
Alichukua bisibisi ya mpini wa plastiki
akaunganisha miguu miwili ya kapasita.
Tah! Cheche ya buluu, harufu ya chuma.
"Kopo hili," akasema, "halijaambiwa kwamba umeme umekatika.
Lisahaulishe kwanza, ndipo uliguse."

Tangu hapo nasoma tabia zao.
Kapasita ni pipa la kwetu Uru:
maji ya mgao huja usiku, unalijaza jicho moja likiwa limelala,
mchana bomba likikohoa, unachota.
Likizeeka hufura utosini kama andazi,
hutema uji wa kahawia juu ya bodi.

Koili ni mwingine. Waya tu, umejizungusha,
lakini yeye haweki akiba ya kitu, anaweka akiba ya mwendo.
Mkatie njia ghafla
ataruka pengo la swichi kwa moto, ilimradi apite.
Namfahamu huyu. Ni mjomba Anaeli,
aliyestaafishwa Ijumaa kiwanda cha kahawa,
Jumatatu saa kumi na moja alfajiri yuko getini,
ovaroli imepigwa pasi.

Saa tisa tukamaliza. Kapasita mpya, risasi bado ya moto.
Mama akachomeka kitochi chake, akatafuta, akabonyeza.
Kwaya. Besi moja mbele ya wenzake,
mtu anayevuta pumzi karibu mno na maiki.
Mama akaweka kiganja juu ya bati.

Umeme ukakatika mtaa mzima.
Mashine ya kusaga ikashuka, kinyozi akatukana,
lakini ile besi ikaendelea,
ikaendelea, ikififia, neno likabaki nusu.

Hakuondoa mkono.
"Lipo kopo kubwa kuliko hili?"
"Lipo. Ila nalo litaisha."
"Baada ya sekunde ngapi?"
Fundi akatazama dari la mabati, midomo ikihesabu.
"Sita. Labda saba."

Mama akafungua pindo la kanga,
akaanza kunyoosha noti.
"Weka."