Ujira wa Vichwa

Kijiji chetu kinaitwa Maziwang'ombe,
na ng'ombe nimewahesabu: saba,
wanne hawana cha kukamua.
Huku ni mawe. Muhogo hung'oka na jiwe lake.
Mafuta, basi, tuliyapata kwa mwatiko,
samaki wa bwawani, nyuma ya mikoko,
anayelishwa pumba na mashudu ya nazi
na ule ukoga wa kijani uliotandika chini kama zulia.

Mimi ni mpasuaji, Mkasi binti Shaame.
Kisu changu kimeliwa na tupa hadi kimekuwa ubua.
Minofu huenda hotelini, Unguja, ndani ya barafu.
Ujira wangu elfu tatu
na ndoo: vichwa, matumbo, miiba, ngozi.
"Chukueni takataka zenu," hutwambia Kombo wa ushirika,
nasi hushukuru;
njaa haiulizi chakula kinaitwaje.

Mama mkwe, Bi Time, ndiye aliyejua.
Kichwa hakukipika, alikibembeleza:
moto wa makumbi, mdogo,
maji kidogo, ndimu, na kusubiri.
Kwanza povu. Povu mwaga.
Kisha macho ya dhahabu yanaanza kuelea,
moja, mawili, yanatafutana,
mpaka sufuria nzima inakutazama.
Aliyakomba kwa upawa,
akayatia chupani, akaivisha chupa kitambaa cheusi.
"Jua lisiyaone. Likiyaona yatachacha,
na yakichacha usimpe mtoto. Washia taa."

Kijiko kimoja juu ya uji wa Machano, kila asubuhi.
Mtoto aliyekuwa mbavu tupu kama tenga
akaanza kuacha alama za miguu mchangani.

Akaja binti wa maabara, Salha, viatu vya mpira,
kisanduku cha barafu begani.
Akaomba chupa. Akaomba kichwa, tumbo, ini,
kila kimoja na mfuko wake, na namba yake.
Miezi miwili, akarudi na karatasi,
akatusomea chini ya bati:
mnofu una mafuta haba,
kichwa kinaushinda mnofu,
nyama ya tumbo inakishinda kichwa;
humo mna omega tatu, inayojenga ubongo na macho,
na ini lina vitamini A.
"Ila samaki hana siri," akasema.
"Mafuta yake ni alichokula.
Mkimpa pumba tupu atanenepa bure.
Ule ukoga msiufagie."

Bi Time akacheka hadi akakohoa.
"Mwanangu, hayo yote
Machano alishayaandika kwa miguu."

Lakini Kombo naye alikuwa anasikiliza.
Kesho yake ndoo ina kifuniko,
kifuniko kina kufuli,
na pembeni mizani mpya, bado imo ndani ya nailoni.
Takataka imepata jina: mazao ya ziada.
Kilo elfu na mia mbili.
Gari huja Jumanne; wanasema ni chakula cha kuku, Wete.
Sina ugomvi na kuku.
Wala Salha simlaumu. Alisema kweli,
na kweli haichagui nani amesimama mlangoni.

Elfu tatu zangu zipo.
Nimezihesabu. Hazielei juu ya uji.

Siku hizi napasua polepole.
Nyama ya tumbo naisugua kwa kiganja,
kwa vidole, baina ya vidole,
mpaka mikono inang'aa kama ya bibi harusi.
Wenzangu hunawa bombani, kwa sabuni.
Mimi naifunga mikono ndani ya kanga, jua lisiione,
napita njia ya makaburini, sisalimiani kwa mkono,
nafika nyumbani,
naukanda unga wa muhogo.

Machano haulizi kwa nini mkate unanuka bwawa.
Anakula, kisha anaomba mkono wangu.