Kibaba

Ojārs, usipige simu tena.
Nimesikia: mikate myeusi arobaini, imeungua hadi moyoni.
Nimesikia pia kwamba tanuri lina shetani,
na kwamba mama yako alichora msalaba juu ya kila donge
wala halikuungua hata moja.
Mama yako alioka kwa kuni.
Akili ya tanuri hili nimeiandika mimi.

Liepāja imezama kwenye ukungu. Tramu inapita chini ya dirisha,
inasikika, haionekani.
Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka mitatu:
kosa nalisikia likipita.
Naandika mstari, nahifadhi, nahamia dirisha jingine,
naandika amri ndefu kama ukoo wa mfalme,
nakosea herufi, naanza upya.
Nachomeka waya. Nabahatisha.
Naiambia programu ichapishe “nimefika hapa”, “nimefika hapa pia”,
kama mlevi anayejiita jina gizani
ajue bado yupo.

Jana usiku nikasema basi.
Faili dogo, mistari kumi na tisa;
nikakieleza kihariri kazi kama anavyoelezwa mgeni wa jikoni:
msimbo uko hapa, kikusanyaji kiko pale,
ukishaunda, mkabidhi mkaguzi,
usiniulize.
Kikagoma. Mkato mmoja umezidi kabla ya mabano.
Saa nzima, Ojārs, kwa kitu kidogo kuliko
mbegu ya kisibiti unayonyunyiza.

Kisha, kitufe kimoja.
Nikatia nukta nyekundu kando ya mstari wa mia mbili na nne,
nikaiharakisha saa, nikabonyeza,
na moto ukasimama pale nilipouambia usimame.
Nikaingia ndani ya tanuri kama aliyeachiwa ufunguo na jirani,
nikifungua kabati moja moja:
mlango, umefungwa;
joto, mia mbili na kumi;
sekunde tangu kuwashwa,
elfu sitini na tano, mia tano thelathini na tano.

Hatua moja mbele.

Sufuri.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyeniambia kibaba kikijaa hufanya nini.
Changu hujimwaga chote.
Siku nyingine unalizima mapema, hatujui.
Lakini Jumapili unaliwasha saa kumi alasiri,
Jumatatu kuna mikate ya shule, hulizimi,
na saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi
tanuri linasahau usiku kucha,
linajiona limezaliwa sasa hivi,
lina baridi,
linaomba moto.

Nimekipanua kibaba. Neno moja, mstari mmoja.
Nimebonyeza. Kijani.
Nimebonyeza tena, bila haja,
kwa raha tu ya kuona vinatii.

Jumatatu nitakuja na waya wangu kabla ya saa nne.
Niwekee kiti karibu na mlango.
Na msalaba,
uchore tu.