Nafsi ya Wawili

Saa tano usiku, chumba cha wasahihishaji.
Theluji inapapasa vioo, mto Drava umejifunika ukungu.
Nimeletewa makala ya Daktari Hribernik,
safu mbili, picha yenye tai na tabasamu,
na agizo lilelile la miaka ishirini na sita:
"Bi Zdenka, wewe ni koma na nukta. Maoni ni yake."

Haya. Koma na nukta.

Anaanza na bibi yake.
Bibi anamenya viazi, bibi hakuwahi kukopa,
bibi alijifungua watoto saba palepale jikoni
wala hakumsumbua mtu.
Mkono umeshaacha kalamu, unatafuta leso,
kabla sijauliza: katika hao saba, walizikwa wangapi?
Makala haisemi. Kazi ya bibi imekwisha,
anarudishwa sandukuni na viazi vyake.

Inaingia namba: asilimia arobaini.
Ya nini? Ya vitanda? Ya usiku? Ya wanawake?
Imesimama peke yake mlangoni, imevaa suti,
na nani atathubutu kuidai kitambulisho?

Aya ya tatu: "Uamuzi umefikiwa."
Nikatafuta miguu iliyoufikia. Hakuna.
Bajeti imepunguzwa. Wakunga wamehamishwa.
Wodi ya wazazi itafungwa.
Vitenzi vyote vimevaa glavu,
hutaona alama ya kidole hata kimoja.

"Kila mwenye akili timamu anajua..."
Nikaketi wima, nisije nikahesabiwa na wale wengine.

Na anaandika vizuri, nisimnyime haki yake.
Palikuwa na koma iliyokaa vibaya,
nikaisogeza neno moja nyuma
na sentensi ikaingia mwilini kama sindano.
Mimi ndiye niliyemnolea.
Mkwe wangu Jerneja ana mimba ya miezi minane.
Wodi itakayobaki iko ng'ambo ya mlima,
dakika hamsini, barabara ikiwa kavu.

Lugha yetu ina "sisi" za namna mbili.
Moja ni ya watu wawili tu:
mimi nawe mezani, kidau cha chumvi katikati.
Nyingine ni ya umati, hujaza uwanja wa mpira.
Daktari ni fundi, alianza na ile ndogo:
sisi wawili, msomaji wangu, tunajua kubana matumizi.
Kufika aya ya pili keshaingiza mji mzima
kwa mlango wa nyuma,
nami bado nimeshika kikombe
nikidhani tuko wawili.

Mstari wa mwisho: "Tutajifunza kuishi bila wodi hii."
Lakini hapo, sijui ni haraka, sijui ni usingizi,
ameandika ile ya wawili.

Kosa. Silabi moja. Sheria iko wazi,
mtoto wa darasa la nne angelipigia mstari.
Nikalitazama mpaka chai ikapoa.
Wawili: nani na nani?
Yeye hazai. Mimi duka hilo nilifunga zamani.
Basi kweli, sisi wawili tutajifunza,
wala haitatuchukua hata wiki.

Mtambo unaunguruma chini, kijana amekuja kuchukua karatasi.
"Umemaliza, mama?"
Nimemaliza. Nimeongeza nukta mbili,
nimefuta koma moja.
Silabi ile sikuigusa.